Watu wa kinga: msafara wa miguu na magurudumu toka Kisangani mpaka Ituri

Ninyi mlioko kambini au katika familia zilizowapokea, wengi wenu mlifika hapo mlipo mukisukuma kinga. Juu yake kulikuwa godoro, sufuria, mtoto, pengine mzee asiyeweza kutembea. Chombo hiki kina historia ndefu katika inchi yetu, na inafaa tuijue.

Historia hiyo inaanza na damu. Mwaka 1888, John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyeishi Belfast, alipata haki ya kutengeneza mpira wa baiskeli unaojazwa upepo. Baiskeli zikaenea Ulaya na Marekani, kisha magari yakafuata, na viwanda vikatafuta mpira kila mahali. Wakati ule Kongo ilikuwa mikononi mwa mfalme Léopold II, toka 1885 mpaka 1908. Babu zetu walilazimishwa kuingia porini kutafuta utomvu wa mpira. Kijiji kilichokosa kuleta kipimo kiliona wanawake wake wakifungwa, watu wakiuawa na wengine wakikatwa mikono. Ripoti ya Roger Casement ya mwaka 1904 iliyaeleza mambo hayo mbele ya dunia. Kwa hiyo, kabla ya kinga kutubebea mzigo, sisi tuliibebea mzigo wake.

Baadaye kinga ikawa yetu. Kisangani watu waliweka kiti cha nyuma chenye mto, wakapakia abiria, wakaiita toleka, maana yake kwa Lingala ni “tupite”. Lakini kazi kubwa zaidi ilifanyika nje ya mji. Barabara ziliharibika, madaraja yakaanguka, malori yakaacha kupita. Vita vya Agosti 1998 vilipogawa inchi, mashua za biashara toka Kinshasa nazo zikakatika mpaka mwaka 2003. Katikati ya hapo, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana siku sita ndani ya Kisangani. Mji ulihitaji chakula. Wachele na mawese vilitoka porini juu ya kinga, na chumvi, sabuni, nguo na dawa vikarudi vijijini kwa njia hiyo hiyo.

Wanaofanya kazi hiyo tunawaita kumba-kumba, yaani wabebaji. Kinga ya kumba-kumba haipandwi. Fimbo moja inafungwa kwenye usukani ili kuongoza, nyingine nyuma ya kiti ili kusukuma. Bidoni sita za lita 20 zinapita kilo 100, bila kuhesabu chakula cha njiani. Toka Kisangani mpaka Beni ni zaidi ya kilomita 700 za pori, mito na matope.

Hakuna anayeweza safari hiyo peke yake. Kwenye mlima, watu wawili au watatu wanasukuma kinga moja mpaka juu, kisha wanarudi kuchukua ya pili. Kwenye daraja la magogo mzigo unashushwa. Mmoja ana pampu, mwingine ana gundi, mwingine anajua kunyoosha gurudumu. Ndiyo sababu wenye mzigo mzito wanatafuta wenzao wa mzigo mzito, na wenye mzigo mwepesi wanatangulia alfajiri.

Lakini kundi halibaki lile lile. Unatoka Kisangani na watu wa mtaa wako, mukipita Bafwasende. Mukifika Nia-Nia, wengine wanakata kaskazini kwenda Wamba na Isiro. Wewe unayeendelea Epulu, Mambasa na Komanda, unangojea kundi lingine. Hapo unaulizwa: umetoka wapi, umebeba nini, nani anakujua? Kadiri munavyokwenda mashariki, Lingala inapungua na Kiswahili kinaongezeka. Mtu wa kabila lingine, ambaye vita vingemfanya adui, ndiye anayesukuma kinga yako mlimani, kwa sababu mlima unaofuata ni zamu yake.

Kundi lilikuwa na hatari yake pia. Wakiwa wengi, walionekana mbali, na kwenye bariere za wenye silaha walilipishwa mmoja mmoja. Wakiwa wachache, nani angewatetea? Kila msafara ulipima mambo hayo mawili kabla ya kuondoka. Familia zinazokimbia leo katika Ituri na Kivu ya Kaskazini zinapima vile vile, usiku, bila nafasi ya kukosea.

Barabara ilipotengenezwa upya, malori yalirudi na kumba-kumba wakapungua kwenye njia kuu, ingawa wanaendelea kwenye njia za ndani. Vitabu vya vita vinataja majenerali na mikataba. Havitaji sana watu waliopeleka chumvi Bafwasende.

Kumba-kumba wa wakati ule bado wako hai, wengine wako kambini pamoja nanyi. Waulizeni walivyochagua wenzao wa njia. Watawaambia kwamba kabla ya kuondoka walikubaliana kwanza jambo moja: kinga ya mtu ikivunjika, wote wanasimama.