Kabla ya Tableti Kulikuwa na SMASSE

Wengi wetu tunadhani hii story ya kufanya sayansi ipendeze darasani ilianza na tableti. Zi. Rudi 1998, wengi wenu mlikuwa bado hamjazaliwa.

Mwaka huo Kenya na JICA, shirika la misaada la Japani, zilianzisha mradi ulioitwa SMASSE. Matokeo ya hesabu na sayansi kwa KCSE yalikuwa yanatia aibu, na kisingizio kilikuwa kile kile: hatuna maabara. Mradi ukaanza na wilaya 9, ukamgeukia mwalimu. Kwenye somo lako wanafunzi wanafanya nini, ama ni wewe tu unaongea na chaki mkononi?

Hapa ndipo napenda. Mwalimu alifunzwa kuanza na shughuli, mwanafunzi ashike kitu mwenyewe, na kifaa kikikosekana kitengenezwe kwa kilichopo. Mfano wangu: chemsha maua mekundu ya haibiskasi, gawa maji yake kwa vikombe viwili. Kimoja kamulia ndimu, wekundu unakolea. Kingine tia maji ya majivu, yanaelekea kijani. Asidi na besi hizo, na hujanunua kitu dukani ila ndimu. Baada ya somo mwalimu analiangalia tena, aone wapi lililala, alirekebishe.

2003 mradi ukaenda nchi nzima: wachache wanafunzwa Nairobi, kisha wanafunza walimu wenzao wilayani. Kituo chake, CEMASTEA, kiko Karen mpaka leo, na kimefunza hata walimu wa nchi zingine za Afrika.

Haikuwa tamu yote. Mafunzo yalikula likizo, na walimu walilalamikia marupurupu. Mimi nawaelewa. Halafu unarudi kwa darasa limejaa mpaka mlangoni, mtihani haujabadilika, chaki inashinda.

Kampeni za 2013 zikaja na ahadi ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Kufika 2016, zilizoanza kugawiwa ni tableti. Sishangai siasa ilipenda vifaa: tableti unaikabidhi mbele ya kamera, lakini mwalimu aliyejifunza kuuliza swali zuri utampiga picha gani?

Sasa ni zamu ya kodingi. Nami nataka kujua tu: mwalimu wa shule ya mashinani atafunzwa siku ngapi, na nauli yake inatoka kwa nani?