Mtandao, intaneti na lango: matumizi katika kompyuta yenye kadi mbili

mtandao nm. (u-/i-) *mitandao*. 1. kitu kilichotandaa na kuungana sehemu nyingi. 2. kompyuta na vifaa vilivyounganishwa ili vipashane data. 3. (mazungumzo) intaneti.

intaneti nm. (i-/zi-) mtandao wa dunia nzima unaounganisha mitandao mingine.

lango nm. (li-/ya-) *malango*. 1. mlango mkubwa wa ua, boma au mji. 2. kifaa ambacho data hupitia kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Nyumbani kwa kawaida ni ruta.

Maelezo

Katika mazungumzo, maana ya tatu ya *mtandao* imeimeza maana ya pili. Watu husema "mtandao umekatika" ilhali printa ya chumba cha pili inaendelea kuchapa kwa njia ya mtandao huohuo. Mara nyingi utata huu hauna madhara. Lakini kwa anayepanga kompyuta yenye kadi mbili, moja ya vifaa vya nyumbani na nyingine ya intaneti, huzaa kosa: hujaza lango katika kadi zote mbili, akiamini kuwa kila mtandao sharti uwe na pa kutokea.

Jinsi njia inavyochaguliwa

Tuseme kadi ya kebo ina anwani 192.168.10.2 na imeungwa kwenye swichi pamoja na printa na hifadhi ya faili. Kadi ya waifai ina anwani 192.168.1.20 na hupata intaneti kwa ruta yenye anwani 192.168.1.1. Kipimo cha mitandao yote miwili ni 255.255.255.0, yaani namba tatu za kwanza hutaja mtandao na ya mwisho hutaja kifaa.

Kabla ya kutuma data, kompyuta hutazama jedwali la njia. Anwani inayoanza na 192.168.10 hufikiwa moja kwa moja kwa kebo, bila lango lolote. Jirani wa ua mmoja hatafutwi kwa kutokea barabarani. Anwani isiyo ya mtandao wowote unaojulikana hupelekwa kwenye *lango la chaguo-msingi*.

Yakiwapo malango mawili ya namna hiyo, kompyuta hulinganisha gharama za njia, na yenye namba ndogo hushinda. Windows, isipoelekezwa vingine, huipa kadi yenye kasi kubwa gharama ndogo. Hivyo kebo inaweza kuishinda waifai ingawa nyuma yake hakuna intaneti: kurasa hazifunguki, na alama ya waifai imejaa.

Kanuni

1. Jaza lango kwenye kadi ya intaneti pekee. Ikiwa kadi ya ndani hugawiwa anwani na ruta, huenda ikapewa na lango. Basi iandikie anwani kwa mkono, na nafasi ya lango uiache wazi.
2. Mitandao miwili iwe na namba tofauti. Ikiwa yote inaanza na 192.168.1, kompyuta haiwezi kujua kifaa kiko upande upi.
3. Usiziunge kadi hizo kuwa daraja, kwani daraja huunganisha kile ulichokusudia kukitenga.

Ili kuhakiki, andika `route print` katika Windows au `ip route` katika Linux. Katika anwani za aina hii, mstari wa chaguo-msingi (0.0.0.0 katika Windows, `default` katika Linux) uonekane mara moja tu.

Tanbihi ya matumizi

*Kutenganisha njia* si *kukinga*. Kompyuta yenye kadi mbili imesimama na mguu mmoja kila upande. Ikiingiwa na virusi kutoka intaneti, vifaa vya ndani navyo vimo hatarini. Kinga hutaka ukuta wa moto na masasisho ya programu.

Mifano

*Yenye utata:* Mtandao umekatika.
*Bayana:* Intaneti imekatika, lakini mtandao wa ndani unafanya kazi.
*Bayana:* Kunakili faili kwa mtandao wa ndani hakuli bando la intaneti.

Katika maandishi ya kiufundi, inapendekezwa *mtandao* libaki na maana ya pili, na *intaneti* itajwe kwa jina lake.