Gari Kuukuu na Njia Mbovu: Historia ya Kufufua na Kugeuza Land Rover

Vyombo vya usafiri huzaliwa kwa haja, hukua kwa kazi, na vingi hufa kwa kusahauliwa. Land Rover ni miongoni mwa vichache vilivyokataa mauti hayo. Lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Amsterdam, tarehe 30 Aprili, 1948. Na gari la mwisho la ukoo ule lilitoka katika kiwanda cha Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari, 2016, baada ya kuundwa magari zaidi ya milioni 2. Hata hivyo, magari yenye umri wa miaka 60 na 70 yangali yakipanda milima na kuvuka matope, kwa sababu wako mafundi wanaoyafufua.

Lakini katika kuyafufua watu hawakubaliani. Wako wanaotaka kila skrubu irudi ilivyokuwa siku gari lilipotoka kiwandani. Na wako wanaoongeza nguvu, kimo na vifaa, ili gari lishinde njia ambazo halikuziweza lilipokuwa jipya. Wa kwanza huwaona wa pili kuwa waharibifu. Wa pili huwaona wa kwanza kuwa walinzi wa makaburi. Mabishano haya si ya gereji peke yake. Yanahusu swali ambalo kila mwenye kushughulika na historia hana budi kulikabili: je, kitu cha kale huhifadhiwa kwa kurudishwa katika siku yake ya kwanza, au kwa kuachwa kiendelee na kazi yake?

Wahenga walisema, “Mwacha asili ni mtumwa.” Basi yafaa kuuliza asili ya gari hili ni ipi. Katika mwaka wa 1947, Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa akitumia Jeep kuukuu la jeshi la Marekani katika shamba lake kisiwani Anglesey, Wales. Jeep lilimfaa sana, lakini aliona kuwa likichakaa hakuna gari la Kiingereza liwezalo kushika nafasi yake. Yeye na nduguye Spencer, aliyekuwa na madaraka makubwa katika kampuni hiyo hiyo, wakaazimia kuliunda. Gari la majaribio la kwanza lilijengwa juu ya chesisi ya Jeep, na usukani wake ukawekwa katikati. Gari hilo halipo tena. Kwa hiyo anayeifuata asili mpaka chimbuko lake hakuti gari safi lisiloguswa na mkono wa mtu. Hukuta gari la watu wengine lililogeuzwa. Ugeuzaji haukulipata Land Rover uzeeni kama maradhi. Ulikuwapo siku ya kuzaliwa kwake.

Dhiki nayo ilikuwapo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kiligawiwa kwa kipimo katika Uingereza, lakini alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Basi bodi ikafanywa kwa mabamba ya alumini iliyochanganywa na magnesi, yaliyo bapa au yenye kukunjwa kidogo tu, kwa kuwa mashine za kufinyanga maumbo ya mviringo zilikuwa ghali. Chesisi, ambayo ni fremu ya chuma inayobeba gari zima, ilifanywa kwa vipande virefu vilivyochomewa pamoja hata vikawa mihimili yenye uwazi ndani. Bodi ilifungwa kwa bolti, bamba moja moja, hata mkulima mwenye spana aliweza kulitoa lililobonyea na kutia jingine. Injini yake ya kwanza ilikuwa na ujazo wa sentimeta za ujazo 1,595, na gia zake nne zilikuwa na daraja mbili, ya juu kwa barabara na ya chini kwa mlima na matope. Nguvu ya injini iliweza hata kutolewa nje ili kuzungusha msumeno au pampu. Waliolibuni walitazamia tangu mwanzo kwamba mnunuzi angeongeza, angepunguza, na angebadilisha.

Ndivyo ilivyokuwa. Gari lililokusudiwa shamba la Wales lilienea upesi katika nchi ambazo barabara zake zilikuwa chache na masika yake makali. Katika Tanganyika ya miaka ya 1950 Land Rover lilimbeba bwana shauri na bwana shamba, na halikukataa kuwabeba wanasiasa wa TANU waliokuwa wakizunguka kudai uhuru. Kila mahali mafundi waliyatengeneza kwa walichokuwa nacho, na magari yakazeeka yakiwa na viraka vya nchi yalikopita.

Uzee wa gari hili una tabia yake. Alumini haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo mtu hulitazama akadhani ni zima. Lakini mahali alumini inapogusana na chuma, unyevu na chumvi vikiingia kati yake, alumini huliwa taratibu ikawa unga mweupe. Ubaya zaidi umo ndani ya chesisi. Mihimili yake, kwa kuwa ina uwazi, hupokea tope na maji. Kutu huanza ndani na kutokea nje baada ya miaka mingi. Fundi mwenye ujuzi haamini rangi. Hugongagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza: chuma kizima hulia, kilichooza hunyamaza. Mhimili wa nyuma, mikono inayotoka ubavuni kushikilia bodi, na ukuta wa chuma ulio kati ya injini na abiria ndizo sehemu zinazotangulia kufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kwa Land Rover ukuta huo mara nyingi ni chesisi mpya, iliyofanywa kwa kufuata kiolezo cha zamani na kuchovywa katika zinki iliyoyeyushwa ili kutu isirudi.

Ama wageuzaji, hao wana hoja inayotoka njiani. Difu huyaacha magurudumu mawili ya ekseli moja yazunguke kwa kasi mbalimbali gari linapokata kona. Fadhila hiyo hugeuka hasara penye mashimo: gurudumu moja likining’inia hewani huzunguka bure, na lililo ardhini hubaki limetulia. Hata gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hukwama likining’iniza mawili, moja la mbele na moja la nyuma. Kwa sababu hiyo mafundi hutia kifaa cha kufunga difu, hubadili springi ngumu kwa zile zenye mabamba machache yanayonyumbuka zaidi, na hufunga winchi mbele ili gari lijivute lenyewe.

Mpaka hapo hapana ubaya. Lakini badiliko moja huita jingine. Anayetia matairi makubwa hupata kimo cha kupita juu ya mawe. Papo hapo huzidishia mzigo shafti zinazozungusha magurudumu, ambazo katika magari ya zamani hazikuwa na nguvu nyingi, hudhoofisha breki, na hulifanya gari lipinduke upesi zaidi mteremkoni. Akiimarisha shafti, giaboksi hulemewa. Akitia injini ya dizeli ya miaka ya baadaye, breki za zamani hazitoshi. Mwishowe hukata chesisi ili vyote vikae. Kipya kinyemi ingawa kidonda: gari hupanda kila kilima, lakini hapana awezaye kusema ni gari gani.

Swali hilo la “gari gani” liliwahi kupewa jibu la hesabu. Kwa miaka mingi idara ya usajili wa magari ya Uingereza ilipima magari yaliyogeuzwa sana kwa pointi. Chesisi ya asili, au mpya isiyotofautiana nayo, ilipewa pointi 5. Springi, ekseli, giaboksi na usukani pointi 2 kila moja. Na injini pointi 1 tu. Gari lilihitaji pointi 8 au zaidi ili libaki na namba yake ya usajili. Lililokatwa chesisi lilipoteza jina. Hukumu hiyo yastahili kufikiriwa. Injini, ambayo wengi huiita moyo wa gari, ilihesabiwa kidogo kuliko yote. Mifupa ikahesabiwa kuliko yote. Tena chesisi mpya ilikubaliwa, mradi umbo lake halikubadilika. Maana yake ni kwamba utu wa gari haukuwekwa katika chuma kile kile cha 1948 bali katika kiolezo chake. Mabaharia wa pwani walilijua jambo hili zamani: jahazi hubadilishwa ubao leo na mlingoti kesho, na bado huitwa kwa jina lile lile, maadamu umbo na safari zake hazikubadilika.

Mfano mzuri ni gari lililoitwa Oxford. Katika mwaka wa 1955 wanafunzi sita wa vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge waliondoka London kwa Land Rover mbili, wakafika Singapore Machi, 1956. Baadaye Oxford lilifanya kazi katika visiwa vya Ascension na St Helena, likaharibika huko. Lilirudishwa Uingereza, likafufuliwa. Na tarehe 25 Agosti, 2019, liliondoka Singapore kwenda London, likafika tarehe 14 Desemba, baada ya siku 111. Tim Slessor, mmoja wa wale sita, alikusudia kusafiri nalo akiwa na miaka 87, lakini aliugua, na mjukuu wake akashika nafasi yake. Kama gari hilo lingewekwa nyuma ya kioo lingeheshimiwa. Lakini lingekuwa limenyamaza. Na kama lingekatwa likatiwa kila kifaa kipya, safari ingekuwa rahisi zaidi, wala isingekuwa safari ya Oxford.

Mpaka basi hauko kati ya kufufua na kugeuza. Uko kati ya kazi inayoweza kurudishwa nyuma na ile isiyoweza. Gari lililofungwa kwa bolti limeruhusu, kwa maumbile yake, kila kinachofungwa kwa bolti: winchi, springi, hata injini, ikiwa kilichotolewa kimetunzwa na kazi imeandikwa. Halikuruhusu msumeno juu ya mifupa yake. Jambo hili lina uzito zaidi kwa kuwa njia zenyewe zinapungua. Katika Uingereza na Wales sheria ya mwaka 2006 ilifuta haki za magari katika njia nyingi za kale za mashambani. Magari yakizidi nguvu na njia zikizidi uchache, ushindi juu ya kilima utapungua thamani. Kitakachobaki na thamani ni gari ambalo fundi wa kizazi kijacho ataweza kulifungua, bolti kwa bolti, akasoma ndani yake waliotangulia walifanya nini, na kwa nini.