Nyumba Yako, Ardhi ya Nani?

Mabeshte, kabla hujatuma pesa ya ploti huku Shika Adabu, ngoja nikupe historia kidogo. Chuo niliacha, lakini hii hata huko sikufunzwa.

Pwani yetu ilikuwa ya Sultani wa Zanzibar, kisha 1895 Muingereza akaiweka chini ya himaya yake. 1908 akaleta sheria: mwenye ardhi aje adai, aandikishwe. Isiyodaiwa ikawa ya serikali. Wadigo walimiliki kwa ukoo, na wengi hawakuandikishwa. Yani watu wakageuka maskwota bila kuhama hata hatua moja.

Ndiyo maana Mombasa kuna hii "nyumba bila ardhi": kuta zako, mchanga wa mwingine, na kodi ya kiwanja unamlipa yeye.

Hapa Likoni mfano ni shamba la Waitiki, ekari zaidi ya 900. Ghasia za 1997 zilipozuka, watu wakaingia, mwenyewe akahangaika miaka na miaka. Mwishowe serikali ikalinunua, na Januari 2016 Rais Uhuru Kenyatta akaja kugawa hati. Na bado waliopewa wakaambiwa walipie!

Kwa hivyo karatasi ya mzee wa mtaa peke yake haitoshi. Muulize muuzaji: ni nyumba tu, ama na ardhi? Halafu nenda ofisi ya ardhi uone hati iko kwa jina la nani. Babu zetu walikuwa na ardhi bila hati, wakanyang'anywa. Wewe usinunue vivyo hivyo.