Mafundi wa huzuni

Aprili 1846, jarida la Graham's Magazine la Philadelphia lilichapisha insha ambayo mpaka leo inawakera wale wanaoamini kwamba shairi humshukia mshairi kutoka juu. Mwandishi wake alikuwa Edgar Allan Poe. Mwaka mmoja nyuma, shairi lake The Raven, la kunguru mkubwa mweusi anayebisha usiku kwa mtu aliyefiwa, lilikuwa limemtia katika vinywa vya watu. Sasa aliamua kuwafungulia wasomaji karakana alimolitengenezea.

Hakuanza na kisa, anasema, wala na mhusika. Alianza na urefu: shairi lisomeke kwa kikao kimoja, kwa hiyo mistari kama 100 ingetosha. Lilimtokea na mistari 108. Kisha akaamua ni athari gani impate msomaji, na baada ya hapo akachagua toni. Akachagua huzuni, kwa sababu aliiona ndiyo toni inayoufaa uzuri kuliko nyingine zote. Ndipo akatafuta kiitikio, neno moja lenye sauti ya o ndefu na r ya kuvuta, linaloweza kurudiwarudiwa mpaka limchome msikilizaji. Lakini nani atalirudia neno moja usiku kucha? Mtu mwenye akili zake hawezi. Poe akamfikiria ndege anayejua kusema, na wa kwanza kumjia alikuwa kasuku. Nusura basi shairi la huzuni linalojulikana kuliko yote Marekani liwe la kasuku! Akambadilisha kwa kunguru, akampandisha juu ya sanamu nyeupe ya Pallas ili weusi wa manyoya uonekane vizuri kwenye marumaru, akaweka dhoruba nje na utulivu chumbani.

Wengi hawamwamini, wakisema alijisifu baada ya kazi kwisha. Mkewe, Virginia, alikuwa akiumwa kifua kikuu miaka hiyo yote, na alifariki Januari 1847. Si rahisi kukubali kwamba habari iliyo ndani ya shairi, ya mwanamke mzuri anayekufa angali kijana, ilimjia Poe kwa hesabu tupu. Mimi namwamini nusu. Hatua zenyewe huenda alizipanga baadaye, lakini vifaa ni vya kweli na vimo katika shairi kwa kila anayetaka kuvihesabu: usiku, sauti, rangi mbili zinazopingana, chumba kisicho na pa kutokea.

Vifaa hivyo havikuwa vyake peke yake. Huku kwetu, kisiwani Pate, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alikwisha kuvitumia katika shairi lake Al-Inkishafi miaka kadhaa kabla ya Poe kushika kalamu. Mshairi anaukanya moyo wake usidanganyike na dunia, lakini hauachi na mawaidha matupu. Anauingiza ndani ya majumba ya matajiri waliokufa. Katika vidaka vilivyopangwa kaure sasa wanalala makinda ya ndege. Bundi anakoroma katikati ya nyumba, na katika kumbi zilizojaa watu na taa wanasikika wadudu tu. Msomaji haambiwi ahuzunike. Anaonyeshwa kidaka kisicho na sahani, na kazi iliyobaki anaifanya mwenyewe. Wanafunzi wetu wa sekondari wanaoandika kwenye mtihani kwamba toni ya shairi ni ya huzuni, wakapata alama yao na kupita, hawaulizwi kamwe huzuni hiyo imejengwa na nini. Ingekuwa mimi ndiye mtahini, ningeuliza kidaka.

Mchoraji hana kiitikio wala ubeti. Ana rangi na mistari, na Edvard Munch wa Norway alionyesha mwaka 1893 kwamba vinatosha. Aliandika kwamba alikuwa akitembea na marafiki wawili jua likizama, mbingu ikawa nyekundu kama damu, wenzake wakaendelea na safari, yeye akabaki akitetemeka, akihisi ukelele mkubwa unapita katika maumbile. Ukiitazama Skrik, picha tunayoiita Ukelele, utaona alivyoipanga habari hiyo. Mbingu, maji na mwili wa mtu aliye mbele vyote vimepindapinda kwa mistari ya mawimbi. Ukingo wa daraja umenyooka kama rula, na wale rafiki wawili kwa mbali nao wamesimama wima. Hofu imepita katika kila kitu isipokuwa daraja na marafiki. Uso wenyewe hauna nywele, hauna umri, hauna jinsia, na ndiyo maana kila mtu anaweza kujivika.

Hapo ndipo madaktari walipoingia, kwa mguu mbaya. Munch alipoonyesha kazi zake Kristiania, Oslo ya leo, mwaka 1895, mjadala ulifanyika katika chama cha wanafunzi, na mwanafunzi wa udaktari aitwaye Johan Scharffenberg akadai kwamba picha hizo ni ushahidi kuwa mchoraji si mzima wa akili. Kwenye picha ya 1893, katika kona ya juu kushoto, kuna sentensi ndogo ya penseli inayosema kwamba ni mwendawazimu tu angeweza kuchora kitu kama hicho. Kwa miaka mingi ilidhaniwa ni kazi ya mtazamaji mkorofi. Mwaka 2021 Makumbusho ya Taifa ya Norway yaliipiga picha kwa miale ya infraredi, yakalinganisha mwandiko na ule wa barua na shajara za Munch, yakatangaza kwamba aliyeandika ni yeye mwenyewe. Kejeli au maumivu? Nadhani vyote viwili. Familia yake ilijua ugonjwa: mama alikufa kwa kifua kikuu Munch akiwa na miaka mitano, dada yake Sophie akafuata mwaka 1877, na dada mwingine, Laura, aliwahi kulazwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mwaka 1908 Munch mwenyewe alilazwa Copenhagen kwa Daktari Daniel Jacobson. Alimchora daktari wake akiwa amesimama, mikono kiunoni, amezungukwa na rangi za moto.

Kosa la Scharffenberg ni la kawaida mpaka leo: kuichukua hali iliyo kwenye kazi ya sanaa na kumbandika aliyeitengeneza. Wanasaikolojia waliokuja baadaye waliliepuka, kwa sababu walitaka jambo jingine. Walitaka kuitengeneza huzuni wenyewe, katika maabara, ili waone inavyoathiri kumbukumbu na uamuzi. Na kwa hilo walilazimika kwenda kuazima kwa wasanii.

Mwaka 1968 Emmett Velten aliwapa wanafunzi wa chuo sentensi 60, moja moja kwenye kadi, wazisome kimya kisha kwa sauti. Kundi moja lilipewa za furaha, jingine za unyonge, jingine za kawaida zisizogusa moyo. Za unyonge zilianza taratibu, na kadi baada ya kadi zikawa nzito zaidi. Waliosoma za unyonge hata mwandiko wao ulipungua kasi. Fasihi ni mbovu, lakini mbinu Poe angeitambua mara moja. Wakosoaji walihoji kama washiriki walihuzunika kweli au walimtii tu mtafiti, basi wengine wakahamia kwenye muziki. Kipande kilichopendwa ni cha Sergei Prokofiev, kutoka filamu ya Alexander Nevsky ya 1938, kile cha Urusi chini ya Wamongolia. Kwa masikio ya maabara hakikuwa na huzuni ya kutosha. Walikipiga kwa nusu ya kasi yake.

Mwaka 1995 James Gross na Robert Levenson walichapisha orodha ya vipande 16 vya filamu, viwili kwa kila hisia kati ya nane, baada ya kuvijaribu vipande 78 kwa watu 494. Kwa huzuni, kilichoshinda ni cha The Champ ya mwaka 1979, filamu ya Franco Zeffirelli: mtoto wa kiume analia juu ya mwili wa baba yake, bondia aliyekufa. Hakifiki dakika tatu. Tangu hapo maabara nyingi zimekitumia, na washiriki wamelia kwa zamu, huku mtafiti akiandika.

Tofauti kati ya maabara na msanii iko baada ya kilio. Maadili ya utafiti yanamtaka mwanasaikolojia amrudishe mtu alivyomkuta, basi kabla ya kumfungulia mlango humwonyesha kitu cha kuchekesha. Katika orodha ileile ya 1995 kimo kipande cha When Harry Met Sally kwa kazi ya kuchekesha, na kwa wanaotakiwa wasihisi chochote, kuna maumbo na milia ya rangi kwenye skrini. Poe hakuwa na kamati ya maadili. Mara ya mwisho tunapomwona, mtu wake yuko chini ya kivuli cha kunguru, na msomaji anaachwa humohumo, ajitafutie njia ya kutoka.