Madaraka ya Kushtaki ni Chombo cha Nani?

Vyombo vya dola havielei hewani. Kila kimoja kina mwenyewe. Miongoni mwavyo kipo kimoja ambacho makada wengi hukisahau, nacho ni madaraka ya kushtaki. Anayeamua nani afikishwe mahakamani na nani aachwe ameshika uhuru wa mtu kabla hakimu hajatamka neno.

Mkoloni alilijua hilo. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere alishtakiwa kwa kashfa, kwa sababu Sauti ya TANU iliwakosoa mabwana shauri wawili. Alitiwa hatiani, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kufungwa miezi sita. Faini ililipwa. Ni dhahiri kwamba mashtaka yale yalikuwa silaha ya mtawala dhidi ya chama cha wananchi.

Uhuru wa 1961 uliitia silaha hiyo mikononi mwa wananchi, lakini utaratibu haukubadilika kwa siku moja. Kwa miaka mingi polisi ndio waliokamata, wakapeleleza, na katika mahakama za chini wakaendesha mashtaka. Jeshi moja lilipika, likaonja na kusifu chakula chake.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 2005, Katiba ilipowekewa Ibara ya 59B. Mkurugenzi wa Mashtaka alipewa madaraka ya kufungua, kuendesha na kusimamia mashtaka. Ibara hiyo inamtaka awe huru, asiingiliwe na mtu yeyote, na azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Sheria ya 2008 ikaunda huduma ya taifa ya mashtaka, na mwaka 2018 ofisi hiyo ikatenganishwa na ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali.

Hata hivyo, mgongano ulibaki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985 ilimwezesha Mkurugenzi kuzuia dhamana kwa hati tu, akisema kwamba usalama au maslahi ya Jamhuri yako hatarini. Mbele ya hati hiyo hakimu alifungwa mikono, na mshtakiwa hakupata nafasi ya kujibu. Mahakama Kuu ilikibatilisha kifungu hicho kwa kuwa kinapingana na Katiba, na mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo.

Sisi tunaosomesha siasa tujifunze nini? Kwamba chombo hakiwi cha wananchi kwa sababu tu kimeshikwa na mwananchi mwenzao. Mwenye mali hukodi mawakili. Mvuja jasho aliyenyimwa dhamana hupoteza shamba na kibarua hata kama mwisho wake ataonekana hana hatia. Kwa hiyo kada anayedai kwamba kuwekea mipaka madaraka ya kushtaki ni kuidhoofisha serikali hajaielewa historia yake mwenyewe. Chama kilichoanzia kizimbani hakina budi kuwa cha kwanza kuilinda mipaka hiyo.