Mla Mabaki Katika Bustani ya Kioo

Tangi la samaki lenye mimea hai, yaani chombo cha kioo ambamo mimea ya majini imeota mizizi katika mchanga na kuishi pamoja na samaki, huhesabiwa na wengi kuwa pambo la sebuleni, na madukani huuzwa kwa sifa hiyo. Asili yake, hata hivyo, haimo katika mapambo. Imo katika kemia, na swali lililolizaa lilihusu hewa. Kufuga samaki kwa ajili ya kuwatazama tu ni desturi ya kale, kwani Wachina wa enzi ya nasaba ya Song, kati ya mwaka 960 na 1279, walizalisha samaki wa dhahabu katika mabwawa yao, na vizazi vilivyofuata vikawahamishia katika mitungi mipana ya kauri ambamo walitazamwa kutoka juu. Katika mitungi hiyo, na katika mabakuli ya kioo yaliyotumiwa Ulaya baadaye, ilibidi maji yamwagwe na kubadilishwa kila baada ya muda mfupi, la sivyo samaki walipanda juu wakahema kwa midomo wazi, kisha wakafa. Jipya lililozuka katikati ya karne ya 19 ni maji yasiyomwagwa, na aliyeyawezesha ni mmea.

Njia ilikuwa imefunguliwa na watu waliochunguza pumzi. Mwaka 1771 Mwingereza Joseph Priestley aliona kwamba hewa iliyochoshwa na mshumaa ndani ya chombo kilichofunikwa hurudiwa na uzima wake iwapo shina la mnanaa litaachwa humo, na baada ya siku 10 mshumaa mwingine ukawaka katika hewa ileile. Mwaka 1779 tabibu Mholanzi, Jan Ingenhousz, alitumbukiza majani mabichi majini, akayaweka juani, akaona viputo vikipanda kutoka kwenye majani. Alipoyapeleka gizani viputo vikakoma, naye akatambua kwamba ni mwanga unaoendesha kazi hiyo. Kazi yenyewe leo huitwa usanisinuru: mmea hutumia nguvu ya mwanga kujitengenezea chakula kwa maji na hewa ya ukaa, ambayo ndiyo pumzi itokayo kwa wanyama, na katika kufanya hivyo huachilia oksijeni ambayo wanyama huivuta. Baadaye daktari mmoja wa mashariki ya London, Nathaniel Bagshaw Ward, alihifadhi pupa wa nondo katika chupa yenye udongo wenye unyevu, mwaka 1829, akakuta kwamba kangaga imechipua humo na kustawi, ilhali kangaga alizozipanda nje zilikuwa zikifa kwa moshi wa viwanda. Masanduku ya kioo aliyoyabuni kutokana na chupa hiyo yalisafirisha miche hai kuvuka bahari kwa miongo mingi, na kwa hakika hayo ndiyo mababu wa nchi kavu wa tangi lenye mimea. Kioo chenyewe kilipungua bei nchini Uingereza baada ya kodi yake kufutwa mwaka 1845.

Aliyeyaunganisha mambo haya majini ni Robert Warington, mwanakemia aliyefanya kazi katika Chama cha Watengeneza Dawa cha London, naye anastahili kutazamwa kwa karibu kuliko wote waliomfuata. Mwaka 1849 alichukua chombo cha kioo cha ujazo wa galoni 12 hivi, sawa na lita 55, akakijaza maji ya chemchemi hadi nusu, akatandaza mchanga na tope chini, akapanga mawe kwa namna ambayo samaki wangeweza kujificha chini yake. Humo akawatia samaki wawili wadogo wa dhahabu na mche mmoja wa Vallisneria spiralis, mmea ambao majani yake ni marefu na membamba mfano wa tepe, akaizika mizizi yake topeni na kuigandamiza kwa jiwe ili isielee. Mdomo wa chombo aliufunika kwa kitambaa cha melimeli kilichotandazwa juu ya duara la waya wa shaba, ili hewa ipite lakini masizi ya moshi wa London yasianguke majini. Hakuna kifaa kingine kilichohitajika; kila kilichokuwamo kingeweza kupatikana katika nyumba ya kawaida, na urahisi huo ndio uliofanya jaribio lake liigwe upesi.

Kwa muda mambo yalikwenda sawa, kisha yakaharibika. Majani ya zamani ya Vallisneria yakawa manjano na kuoza, maji yakachafuka, na utando wa ute wa kijani ukaanza kutambaa juu ya kioo na mawe. Hesabu ya hewa ilikuwa sahihi, kwa maana mmea na samaki walipeana pumzi kama nadharia ilivyodai, lakini hesabu ya mabaki ilikuwa haijafanywa, kwa kuwa nadharia iliwajua wawili tu, na katika chombo kilichofungwa kifo cha jani moja hakina pa kwenda. Warington alitafuta jibu katika mabwawa ya kawaida, akajiuliza ni nani anayeondoa majani yaliyokufa huko, akarudi na konokono watano au sita wa jenasi ya Lymnaea. Konokono wakala yaliyooza pamoja na ute, maji yakatakata. Mayai yao yakaliwa na samaki. Na kinyesi chao pamoja na cha samaki kikarudi mchangani kuwa mbolea ya mmea. Matokeo hayo yaliwasilishwa mbele ya Chama cha Kemia cha London mwezi Machi mwaka 1850. Msomaji aliyekulia kandokando ya Ziwa Victoria, ambaye tangu shule ya msingi amefunzwa kumwogopa konokono wa majini kwa sababu ya kichocho, ana haki ya kusita mbele ya mkombozi wa aina hii, ila ajue kwamba wanaobeba vimelea vya ugonjwa huo ni konokono wa jenasi nyingine, Biomphalaria na Bulinus.

Ndiyo kusema tangi lenye mimea halikukamilika kwa kupata mmea wala kwa kupata samaki. Lilikamilika kwa kupata mla mabaki, na historia yake yote tangu hapo inaweza kusomwa kama historia ya kumsahau na kumkumbuka tena. Lakini konokono hakuwa peke yake. Ndani ya mchanga na tope la Warington walikuwamo walaji wengine wasioonekana kwa macho, na miongoni mwa waliofichua kazi yao ni mwanawe, aliyeitwa Robert kama babaye, ambaye tangu mwishoni mwa miaka ya 1870 alichunguza katika kituo cha kilimo cha Rothamsted jinsi amonia inavyogeuka udongoni. Amonia ni kemikali kali itokanayo na kinyesi na vitu vinavyooza, na hata kiasi kidogo chake huunguza mashavu ya samaki. Warington kijana alibainisha kwamba mageuzi hayo ni kazi ya viumbe hai, tena hupitia hatua mbili: kwanza amonia huwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti huwa nitrati, ambayo mmea huifyonza kama mbolea. Mwaka 1890 Mrusi Sergei Winogradsky alifaulu kuwatenga bakteria wenyewe. Ni nadra historia ya sayansi kugawa jambo moja hivi kati ya mzazi na mwana, baba akapewa konokono na mwana akapewa wale wasioonekana, na inasikitisha kwamba wafugaji wengi wa samaki hawalijui jina hilo, la baba wala la mwana.

Baharini kazi ilikuwa ngumu zaidi. Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyeishi Messina katika kisiwa cha Sicily, alitumia matangi ya kioo mwaka 1832 kuchunguza wanyama wa baharini, na huko London Anna Thynne aliyaweka hai matumbawe aliyoyaleta kutoka pwani mwaka 1846 kwa kuamuru maji yake yamiminwe na kumiminwa tena kila siku karibu na dirisha lililo wazi. Kazi hiyo ya kuchosha ilimwangukia mtumishi wa nyumbani, mpaka mwani ulipotiwa tangini na kumpunguzia mzigo. Philip Henry Gosse, mwandishi hodari wa elimu ya viumbe, alihusika na nyumba ya samaki iliyofunguliwa katika bustani ya wanyama ya London mwezi Mei mwaka 1853, na kitabu chake cha mwaka uliofuata kilieneza neno akwaria, ambalo kwa Walatini wa kale lilimaanisha mahali pa kunyweshea mifugo. Kitabu hicho kilizua wimbi: familia zilishuka ufukweni na ndoo na nyundo, zikabandua kila kilichoweza kubanduliwa kwenye mawe, na vingi vikaozea njiani au sebuleni. Mwanawe Edmund Gosse, katika kumbukumbu alizozichapisha mwaka 1907, aliomboleza madimbwi ya miamba ya utoto wake yaliyokwanguliwa yakabaki matupu, akijua kwamba vitabu vya babaye viliwaelekeza watu huko. Maombolezo hayo yalikuwa ya haki.

Ujerumani ilichagua maji baridi, na uchaguzi huo ndio ulioipa desturi hii mizizi majumbani. Emil Adolf Rossmässler, mwalimu aliyepoteza kazi yake ya uprofesa kwa sababu ya kushiriki siasa za mapinduzi ya mwaka 1848, aliandika mwaka 1856 makala kuhusu ziwa lililo ndani ya kioo, na mwaka 1857 kitabu kizima, akiwaeleza watu wasio na pwani wala mali kwamba bwawa la kijiji chao lina kila kitu wanachohitaji. Vyama vya wafugaji vikafuata, kama kile cha Triton kilichoundwa Berlin mwaka 1888. Matangi ya wakati huo yalikuwa na fremu za chuma na sakafu ya jiwe la sleti, na samaki wa nchi za joto walipoanza kuletwa, wafugaji waliwasha taa ndogo ya mafuta au ya gesi chini ya sleti hiyo ili maji yapate uvuguvugu.

Umeme ulibadilisha kila kitu. Pampu ilipuliza viputo usiku na mchana, chujio likanasa uchafu, na mmea, ambao kwa nusu karne ulikuwa mapafu ya tangi, ukapoteza ajira yake. Katika miongo iliyofuata Vita Kuu ya Pili matangi mengi yalipambwa kwa mimea ya plastiki, au yaliachwa na mawe matupu, hasa yale ya samaki wa Ziwa Tanganyika, ambao Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha kutoka Burundi na kuwaandikia kitabu mwaka 1978. Na kwa samaki hao mawe yalikuwa sahihi, kwa maana wengi wao ni wenyeji wa kingo za miamba zenye maji magumu.

Biashara ya mimea ya mapambo, kwa upande wake, iliacha jeraha katika ziwa jirani. Gugumaji, mmea wa Amerika ya Kusini uliopendwa katika mabwawa ya bustani duniani kwa ajili ya ua lake la zambarau, lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likafunga njia za mitumbwi na kuzima mwanga chini yake, nalo lilienea hivyo kwa sababu ileile iliyomsumbua Warington: lilifika bila mlaji wake. Katika miaka ya 1990 wataalamu walileta fukusi wa jenasi ya Neochetina, wenye asili ya bara lilelile, ambao wakubwa wao huguguna majani na mabuu wao hutoboa mashina, na pamoja na hali ya hewa ya miaka hiyo fukusi hao walichangia kulipunguza, ingawa halijatoweka.

Mimea hai haikufa kabisa majumbani kwa sababu Waholanzi waliing'ang'ania. Shirikisho lao la vyama vya wafugaji liliundwa mwaka 1930, na wakaguzi wake walikwenda nyumba kwa nyumba kuyapa matangi alama kwa kuangalia afya ya mimea, mpangilio wake na tofauti za rangi. Alama maarufu ya mtindo wao ni barabara ya Leiden, yaani safu ya mmea wa aina moja uliokatwa kwa vimo tofauti, mfupi mbele na mrefu nyuma, ikizidi kuwa nyembamba kadiri inavyorudi, hata jicho likadhani tangi lina kina kirefu kuliko kilichopo. Taa za mirija, zilizoanza kuuzwa mwaka 1938, ziliwawezesha kustawisha mimea mbali na dirisha.

Mjapani Takashi Amano, aliyezaliwa mwaka 1954 katika mkoa wa Niigata, akashindana kwa baiskeli kama mchezaji wa kulipwa kisha akawa mpiga picha wa misitu, aliiacha bustani iliyopangwa kwa safu akaelekea kwenye mandhari. Katika mtindo uitwao iwagumi mawe machache, kwa kawaida ya idadi witiri, huwekwa kulizunguka jiwe kuu, na majani mafupi hutandazwa kama malisho ya mlimani. Katika mitindo mingine magogo hufungiwa kangaga za majini na Anubias, mmea mgumu wa vijito vyenye kivuli vya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Hewa ya ukaa huongezwa kutoka kwenye mtungi, kwa kuwa ile itokayo kwa samaki wachache haitoshi mimea mingi kiasi hicho. Kampuni yake ilianza mwaka 1982, na kazi yake kubwa ya mwisho, tangi la urefu wa mita 40 na lita 160,000 mjini Lisbon, ilifunguliwa mwaka 2015, miezi michache kabla ya kifo chake. Hata hivyo mchango wake ulio mdogo kwa umbo ni uduvi wa maji baridi, Caridina multidentata, ambaye alimtambua kuwa mlaji hodari wa mwani na kumtia katika matangi yake, na ambaye sasa hujulikana duniani kote kwa jina la Amano. Ni kazi ileile ya konokono wa mwaka 1849, imerudishwa kwa mikono mingine.

Utaratibu wa kuandaa tangi la namna hiyo nyumbani umegeuza mpangilio wa Warington, ambaye alitia samaki tangu mwanzo. Chini hutandazwa punje za udongo uliookwa, ambazo katika majuma ya kwanza huachilia amonia kwa wingi. Mawe hufuata, kisha mimea, ambayo huchomekwa kwa koleo ndefu mche kwa mche, na maji humiminwa polepole juu ya sahani ili udongo usitibuke. Samaki akiingizwa wakati huo hufa, kwa hiyo bakteria husubiriwa. Kila baada ya siku chache maji kidogo hutiwa katika mrija wa kioo na kudondoshewa matone ya kupima amonia, nayo hugeuka kijani, kijani kibichi mwanzoni, hafifu zaidi juma linalofuata. Siku ambayo rangi inabaki ya manjano na nitriti nayo imekwisha, uduvi huingizwa kwanza, nao huanza kuyapapasa majani kwa miguu yao ya mbele tangu saa ile ile. Samaki hufuata.